Tuma Kazi, Acha Mahubiri: Mbinu za Kupeleka Maandishi na Sanaa kwa Jarida la Kikatoliki

Watu wengi hukosea kabla hata hawajafungua kompyuta. Wanasikia "jarida la Kikatoliki" na papo hapo wanavaa sauti ya mimbarini. Hadithi inageuka homilia. Shairi linageuka sala ya waamini. Mhariri anaacha kusoma kwenye aya ya pili.

Mhariri huyo husikia mahubiri kanisani kila Jumapili. Kwako anataka hadithi inayomkamata, shairi lililofumwa vizuri, picha inayomzuia asifungue ukurasa unaofuata. Imani yako itaonekana katika namna unavyoutazama ulimwengu. Shika hilo, na mengine yote hapa chini yatakuwa mepesi.

Jua unamtumia nani

Majarida ya sanaa ya Kikatoliki yanayopokea kazi za watu wasiofahamika yako mengi zaidi Marekani, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia kama unaandika Kiingereza au una kazi iliyotafsiriwa.

Lianze Dappled Things. Lilianzishwa mwaka 2005, na jina lake limechotwa kwenye shairi la Gerard Manley Hopkins, padre Mjesuiti wa Uingereza, liitwalo Pied Beauty. Huchapa hadithi fupi, mashairi, insha na sanaa ya picha. Lina tuzo ya hadithi fupi yenye jina la J. F. Powers, Mmarekani aliyewajaza mapadre wa parokia katika vitabu vyake: mapadre wenye kuhangaikia madeni, majengo na wivu wa wenzao. Jina la tuzo peke yake linakuambia ladha ya jarida.

Presence ni la mashairi, nalo hutoka mara moja kwa mwaka. Image, lililoanza mwaka 1989, halikujifunga kwa Wakatoliki. Linatafuta sanaa inayogusana na imani kwa upana wake. America la Wajesuiti, la tangu 1909, na Commonweal la walei, la tangu 1924, ni majarida ya habari na fikra, lakini yote mawili yana nafasi ya mashairi. America huendesha pia shindano la ushairi liitwalo Foley.

Chagua moja. Soma matoleo mawili, ukurasa kwa ukurasa. Kama huwezi kununua, soma zile kazi ambazo jarida limeziweka wazi mtandaoni. Kila unaposoma, jiulize maswali matatu tu. Hadithi zao zina urefu gani? Mashairi yao yana arudhi au ni huru? Wanachapa vichekesho, au kila kitu ni kizito? Kama hujaona hata kazi moja iliyo jirani na yako, hamia kwenye jarida jingine. Umeokoa miezi ya kungoja.

Kisha usome mwongozo wa kutuma kazi. Usome wote, na uusome tena siku ile ile unayotuma, kwa sababu hubadilika. Idadi ya mashairi, kikomo cha maneno, aina ya faili, miezi ambayo dirisha liko wazi: vyote viko humo. Anayetuma mashairi manane mahali palipoombwa matatu anamwambia mhariri kwamba hakusoma.

Si lazima uwe Mkatoliki, isipokuwa mwongozo useme hivyo. Ukiwa Mlutheri, Mwislamu au mtu anayetafuta, na kazi yako inaongea na mambo hayo kwa dhati, ijaribu.

Andaa kazi yenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Barua na fomati utavimaliza jioni moja.

Chapa kazi yako kwenye karatasi. Chukua kalamu nyekundu. Piga mstari chini ya kila sentensi inayomwambia msomaji anachopaswa kuamini au kujifunza. Zifute zote, usione huruma. Soma tena ulichobaki nacho. Mara nyingi utakuta hadithi imepumua. Ikiwa imeanguka kabisa, basi ulikuwa na hotuba, na sasa umejua ni wapi pa kuanzia upya.

Pita mara ya pili ukiwinda maneno makubwa: neema, mwanga, upendo, roho, milele. Kila unapolikuta moja, liulize linaweza kubadilishwa na kitu gani cha kushikika. Chetezo kinachofuka. Kapu la sadaka lenye sarafu tu. Fulana ya kwaya iliyopauka mgongoni. Goti la bibi kizee linalolia anapopiga magoti. Msomaji akiona kitu, maana ataipata mwenyewe.

Usiogope dhambi. Wapo wanaodhani jarida la Kikatoliki linataka watu wema wanaofanya mambo mema. Mtazame Flannery O'Connor wa Georgia, Marekani, aliyefariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Alikuwa Mkatoliki wa Misa na sala, na hadithi yake mashuhuri kuliko zote, A Good Man Is Hard to Find, inaisha na familia nzima kuuawa kando ya barabara na mfungwa mtoro na wenzake. Neema inapita humo, lakini inapita katikati ya damu na kwa sekunde chache tu.

Nyumbani tunaye Euphrase Kezilahabi. Alikulia Ukerewe na kusoma seminari ya Nyegezi, Mwanza. Mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, jina la Bikira Maria kutoka kwenye litania, akalivisha hadithi ya msichana anayepotea kwa sababu ya ukali na ulevi wa baba yake. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda. Leo ni miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kiswahili. Jifunze kwake ujasiri huo: alichukua jina takatifu na kuliweka penye jeraha.

Mpaka upo, lakini ni huu: usidhalilishe. Padre mlevi anaweza kuwa mhusika wako mkuu. Padre mlevi aliyewekwa ili wasomaji wamcheke tu, akaishia hapo, ni kazi dhaifu, na wahariri hawa watakuona mara moja.

Halafu, andika Kanisa unalolijua wewe. Hapa una mtaji ambao mwandishi wa Chicago hana. Una kigango kinachopata Misa mara moja kwa mwezi, na katekista anayeongoza ibada Jumapili zilizobaki kwa baiskeli yake na daftari lake. Una jumuiya inayokutana alfajiri ya Jumamosi kwenye sebule ya mtu, viatu vikiwa vimejaa mlangoni. Una mnada wa jogoo baada ya Misa ya mavuno, ambapo fundi seremala anamzidi bei mkurugenzi. Una akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wanaojua nani amelala njaa kabla paroko hajajua. Una mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Una Bagamoyo, walikofika mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, pwani ile ile ambako binadamu waliuzwa.

Ukiandika hayo, usijigeuze mtalii nchini mwako. Usimwelezee msomaji wa mbali kila kitu. Na tafadhali, usiwauzie umaskini. Mtoto mwenye njaa katika hadithi yako awe na ujanja wake, hasira yake, mzaha wake. Uwem Akpan, Mnigeria aliyesomea teolojia Nairobi akiwa Mjesuiti, alifanya hivyo katika An Ex-Mas Feast, hadithi ya familia inayoishi mtaani Nairobi, iliyochapwa na The New Yorker mwaka 2005. Watoto wale wanateseka, lakini kila mmoja ana sura yake. Itafute uisome kabla ya kutuma hadithi yako.

Ukiandika kwa Kiswahili

Usiitupe kazi yako ya Kiswahili kwa kudhani haina soko. Sisi tuna ushairi wa Kikatoliki wenye mizizi. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alitunga utenzi wa Injili na wa Zaburi. Mwalimu Nyerere alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho wakazichapa mwaka 1996. Wahariri wa ng'ambo hawajui hata robo ya hazina hii.

Kwanza angalia kama jarida linapokea tafsiri. Linapokea? Tafsiri mwenyewe, au tafuta mwenzako aliye hodari katika Kiingereza, mkae pamoja mstari kwa mstari. Jina lake liandikwe wazi kwamba ni mtafsiri. Ambatanisha na shairi la asili.

Amua mapema utafanya nini na vina na mizani. Ukivilazimisha vyote vihamie kwenye Kiingereza, shairi litachechemea. Shika kimoja. Wengine hulinda mizani na kuacha vina. Wengine huacha vyote viwili na kulinda kituo na kiitikio. Soma tafsiri kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiswahili. Akikunja uso, rudi mezani.

Maneno kama jumuiya, kigango na ugali yaache yalivyo. Usiyawekee faharasa. Sentensi inayoyazunguka ndiyo ibebe maana: ukiandika kwamba jumuiya ilijazana sebuleni na rozari ikaanza, hakuna atakayepotea.

Ukitafsiri shairi la mtu mwingine, omba ruhusa kwanza. Sheria za Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mwalimu alifariki mwaka 1999, hivyo tenzi zake bado zina wenyewe. Ruhusa iwe ya maandishi, hata barua pepe fupi inatosha.

Fomati, haraka haraka

Hadithi na insha: fonti ya kawaida kama Times New Roman, ukubwa 12, nafasi mara mbili kati ya mstari na mstari, namba kwenye kila ukurasa. Mashairi: nafasi moja, kila shairi lianze ukurasa mpya. Hifadhi kama faili ya Word, isipokuwa wameomba PDF. Usiweke maua, misalaba wala rangi. Ipe faili jina la kazi na jina lako la ukoo, si "final mpya ya mwisho 3".

Angalizo moja kubwa: majarida na mashindano mengine husoma bila kuona jina la mwandishi. Hapo jina lako lisionekane popote ndani ya faili wala kwenye jina la faili. Wengi huondolewa kwa kosa hili dogo.

Tumia tahajia moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya Uingereza au ya Marekani, usichanganye. Na usiiachie programu ya akili bandia ikuandikie. Majarida mengi yamekataza waziwazi, na hata yasingekataza, wanachotafuta kwako ni jicho lako.

Ukiwa mchoraji, mchongaji au mpiga picha

Mhariri hataona kazi yako. Ataona picha ya kazi yako. Basi picha hiyo ipe heshima.

Piga nje, kivulini, asubuhi au siku ya mawingu. Zima flashi. Simamisha turubai wima na kamera iwe usawa wa katikati yake, pembe zote nne zionekane sawa, kisha kata ukuta na vidole. Kinyago weka mbele ya kitambaa kisicho na maua. Mpingo ni mgumu kupigwa picha: weusi wake humeza alama za patasi, na ukiung'arisha hurudisha mwanga kama kioo. Leta mwanga kutoka ubavuni tu, piga kutoka pande kadhaa, chagua ile inayoonyesha mkono wako ulipopita.

Tuma JPEG kubwa, nukta 300 kwa inchi, kama mwongozo haukusema vingine. Usiitume kwanza kwa WhatsApp kama picha ya kawaida halafu uipakue. WhatsApp huibana na kuipunguza ubora. Andika jina la kazi, mwaka, vifaa ulivyotumia, na vipimo kwa sentimita.

Kama umechora ukuta wa kanisa au Njia ya Msalaba kwa agizo la parokia, mweleze paroko kabla ya kutuma, na mkubaliane ni nani mwenye haki ya kutoa picha hizo. Ukipiga picha watu wakiwa katika sala, waombe ruhusa. Kwa watoto, waombe wazazi.

Barua na wasifu

Barua iwe fupi. Mistari mitano inatosha. Mfano huu utaugeuza kwa lugha ya jarida:

"Kwa Mhariri wa Ushairi. Naambatanisha mashairi matatu: Chetezo, Kigango cha Ng'ambo, na Jumatano ya Majivu, Kariakoo. Hayajachapishwa popote. Nimeyatuma pia kwa jarida jingine moja, na nitakuarifu mara moja likichukuliwa lolote. Asante kwa kuyasoma."

Kama jina la mhariri limeandikwa, litumie. Wengi wao ni walei, kwa hiyo usimwite kila mmoja Padre. "Tumsifu Yesu Kristo" ni salamu yetu nzuri, lakini hapa hutaitikiwa. Anza moja kwa moja. Usieleze shairi linahusu nini. Usisimulie ulivyoteseka kuliandika. Usiombe huruma kwa sababu umetoka mbali.

Huku kwetu tumezoea kwamba kila jambo la Kanisa lina barua yake: mwenyekiti wa jumuiya anasaini, kigango kinapiga muhuri, paroko anamalizia. Hapa huhitaji hata moja. Usiambatanishe cheti cha ubatizo wala barua ya paroko. Pia hadithi na mashairi havihitaji imprimatur ya askofu. Kibali hicho ni cha vitu kama katekisimu na vitabu vya sala.

Lakini ukiwa mtawa, sista au bruda, zungumza na mkuu wako wa shirika kabla ya kutuma. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 832, inawataka watawa wapate ruhusa ya mkuu wao kuchapisha maandishi yanayogusa masuala ya dini au maadili. Omba mapema, mpe na nakala. Usisubiri hadi kazi ikubaliwe ndipo uanze kujieleza.

Wasifu uandike kwa nafsi ya tatu, sentensi mbili au tatu. "Ni mwalimu wa sekondari Songea. Anaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na anaimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia yake." Kama hujawahi kuchapishwa, usiseme. Usiorodheshe vyeti vya semina.

Saa ya kutuma

Majarida mengi hutumia mfumo wa mtandaoni uitwao Submittable. Fungua akaunti bure, jaza fomu, pakia faili, basi. Mengine hutaka barua pepe. Fuata kila jarida linavyotaka.

Tarehe za Marekani hutanguliza mwezi: 04/05 ni tarehe 5 Aprili. Nao wakisema mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za New York, kwetu itakuwa asubuhi ya siku inayofuata, saa 12:59 wakati wa majira yao ya kiangazi, na saa 1:59 kuanzia Novemba hadi Machi. Lakini usisubiri. Baadhi ya majarida huweka kikomo cha idadi, na kikijaa dirisha linafungwa kabla ya tarehe. Tuma mwanzoni mwa mwezi.

Kazi ya Noeli usiitume Desemba. Toleo hilo lilishapangwa zamani. Tuma ya Noeli katikati ya mwaka, na ya Kwaresima au Pasaka kabla ya Majilio. Bado bora zaidi, tuma shairi zuri lisilo na msimu.

Baadhi huomba ada ndogo ya kusoma, mara nyingi kama dola tatu. Kadi ya Visa ya mtandaoni kutoka kwenye huduma ya pesa za simu inaweza kukutosha. Kama huna, anza na yale yasiyotoza. Yapo, na ni mazuri. Ila ukiambiwa ulipe fedha nyingi ili uchapishwe, ondoka. Hilo si jarida la sanaa.

Majarida mengi huruhusu kazi moja itumwe kwingine kwa wakati huo huo, mradi useme. Mengine hayaruhusu. Heshimu. Na shairi ulilokwisha kulibandika Facebook, wahariri wengi huliona limechapishwa tayari. Kama unataka kulituma, usilibandike.

Wakati wa kungoja

Weka daftari au jedwali: jina la kazi, jarida, tarehe uliyotuma, majibu. Kisha anza kazi nyingine siku hiyo hiyo. Majibu huchukua miezi. Wahariri wengi wa majarida haya wana kazi nyingine za mchana na husoma usiku.

Muda uliotajwa kwenye mwongozo ukipita, ongeza mwezi mmoja, kisha uliza kwa sentensi mbili za adabu. Usipige simu. Usimtafute mhariri kwenye Facebook.

Ukikataliwa, usijibu kwa hasira wala kwa maelezo. Usijibu kabisa, isipokuwa mhariri amekuandikia maoni binafsi; hapo mshukuru kwa mstari mmoja. Wakisema wangependa kuona kazi nyingine, wanamaanisha hivyo hivyo: hawalazimiki kuandika maneno hayo, na hawamwandikii kila mtu. Watumie nyingine dirisha likifunguka.

Kukataliwa hakuamui thamani ya kazi. Nakukumbusha Hopkins. Meli iitwayo Deutschland ilipozama Desemba 1875 na masista watano Wafransisko wakafa maji, alitunga shairi refu na kulipeleka The Month, jarida la Wajesuiti wenzake, ndugu zake wa shirika moja. Hawakulichapa. Alikufa mwaka 1889 akiwa karibu hajulikani kama mshairi. Rafiki yake Robert Bridges, aliyeyahifadhi mashairi yake, aliyatoa kama kitabu mwaka 1918. Leo shairi lile linafundishwa vyuo vikuu, na jarida la Kikatoliki limechukua jina lake kutoka kwenye shairi lake jingine.

Basi kazi ikirudi, isome mara moja kwa jicho jipya. Ukiona pa kurekebisha, rekebisha. Kama hupaoni, itume kwingine wiki hiyo hiyo.

Ukikubaliwa

Kwanza, wajulishe wengine. Kama kazi hiyo iko kwa majarida mengine, iondoe leo leo, kwa kitufe cha kuondoa kwenye Submittable au kwa barua pepe. Kuchelewa hapa kunakuharibia jina, na dunia hii ya majarida ni ndogo.

Pili, soma mkataba. Cha kawaida ni jarida kuomba haki ya kuwa wa kwanza kuchapa, kisha haki zinarudi kwako. Ukikuta linataka haki zote milele, uliza kabla ya kusaini. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tatu, pokea uhariri kwa moyo mpana. Mhariri akibadilisha koma, mwachie. Akibadilisha neno linalobeba shairi, au akisahihisha "kigango" kuwa "parokia ndogo", mweleze kwa upole kwa nini linabaki. Watu hawa hupenda mwandishi anayejua sababu za maneno yake. Nakala ya mwisho ikija kabla ya kuchapwa, isome neno kwa neno, hasa jina lako na maneno ya Kiswahili. Huko ndiko makosa hujificha.

Nne, fedha. Majarida mengi madogo hulipa kidogo, au hulipa kwa nakala. Yakilipa, uliza mapema njia gani inafika nchini kwako. Huenda ukatakiwa kujaza fomu ya kodi ya Marekani. Kwa mtu asiye raia wala mkazi wa huko, fomu hiyo ni W-8BEN. Ukitumiwa W-9, waambie wakubadilishie, kwani hiyo ni ya raia na wakazi wa Marekani.

Wakikuomba anwani ili wakutumie nakala yako, andika S.L.P. kamili, mji, na jina la nchi kwa herufi kubwa. Ongeza namba ya simu yenye +255, +254 au ya nchi uliyopo, ili posta ikupigie mzigo ukifika. Hiyo anwani ihakiki mara mbili kabla ya kubonyeza kutuma.